Ampli yenye nguvu nyumbani na masikio ya mufanyakazi



Katika nyumba nyingi za kambi na za muji, ampli na bafle ndivyo vitu vya kwanza ambavyo mugeni anaona akiingia. Hakuna ubaya. Baba aliyetoka katika kazi nzito ana haki ya kusikiliza muziki wake pamoja na bibi na watoto, na inchi yetu haikosi wapiga gitaa. Ukurasa huu haukuja kumunyanganya mutu furaha yake. Lakini ampli za leo zina nguvu ambayo zamani ilikuwa ya baa tu, na masikio ya mufanyakazi wa shimo, wa karieri ao wa kiwanda yanafika nyumbani yakiwa yamekwisha kuchoka. Tulitazame jambo hili pole pole.

WATI NA DESIBELI

Nguvu ya ampli inapimwa kwa wati. Nguvu ya sauti inayofika kwenye sikio inapimwa kwa desibeli. Watu wengi wanafikiri kwamba ampli ya wati 200 inalia mara mbili kuliko ile ya wati 100. Sivyo. Ukizidisha wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, na sikio linasikia tofauti ndogo. Ili sikio liseme kwamba sauti imekuwa mara mbili, inaomba wati karibu mara 10.

Sasa tufanye hesabu nyingine. Bafle nyingi za nyumbani, ukizipa wati 1 tu, zinatoa karibu desibeli 90 kwa mutu aliyekaa mbele yake kwa umbali wa metre 1. Wati 10 zinatoa desibeli 100. Wati 100 zinatoa desibeli 110. Kwa hiyo mwenye kusema «nimefungua kidogo tu» anaweza kuwa amekwisha kupita kipimo, na butoni bado iko chini.

Kwa nini basi wanatengeneza ampli za wati nyingi? Ni kwa sababu muziki haulii kwa nguvu moja kila wakati. Ngoma inapopigwa, inaomba kwa kitambo kidogo nguvu mara 10 ao zaidi kuliko sauti nyingine. Ampli ndogo inayosukumwa sana inakwaruza, na inaweza kuunguza bafle ndogo ya sauti za juu. Ampli kubwa inayolia pole pole inafanya kazi hiyo bila shida. Mwenye ampli kubwa asiogope kuwa nayo. Aogope mukono unaogeuza butoni, na saa zinazopita.

Tena usidanganyike na namba kubwa zilizoandikwa kwenye karton, hasa zile zinazofuatwa na herufi PMPO. Ni namba za biashara. Uliza wati RMS, ndizo ambazo ampli inaweza kutoa bila kukatika.

SIKIO LINA MUFUKO MUMOJA

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama konokono. Humo muna chembe zenye nywele ndogo sana, karibu 15.000 kwa kila sikio. Kazi yake ni kugeuza mutikisiko wa sauti kuwa habari kwa ubongo. Zikipigwa na makelele, kwanza zinachoka. Zikipigwa tena na tena, zinakufa, na kwa mwanadamu hazioti tena. Hakuna kidonge wala sindano ya kuzirudisha. Kifaa cha kuvaa sikioni kinasaidia, lakini hakirudishi sikio la kwanza.

Kwa upande wa kazi, kipimo kinachotumiwa sana na wanganga ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila mara desibeli 3 zinapoongezeka, saa zinakatwa nusu: desibeli 88, saa 4, desibeli 91, saa 2, desibeli 94, saa 1, desibeli 100, dakika 15 tu. Kwa upande wa muziki, Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linasema kwamba mutu anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 katika juma, lakini desibeli 90 kwa saa 4 tu katika juma zima. Saa 4 hizo zinakwisha jioni moja ya siku ya mushahara.

Vipimo hivyo vyote ni kama feza katika mufuko mumoja. Mashini ya kutoboa mawe inapita desibeli 100 karibu na masikio ya mwenye kuishika. Mufanyakazi asiyevaa vizibo vyake sawasawa amekwisha kutumia mufuko wa siku nzima mbele ya saa ya kula. Akifika nyumbani, sikio linaomba kimya ili lipumzike. Akilipa bafle ya desibeli 95, anakopa feza ambazo hana.

MUTEGO WA JIONI

Hapa ndipo watu wengi wanapoangukia. Baada ya makelele ya muchana, sikio linapoteza kwa saa fulani sehemu ya nguvu yake. Mutu anasikia kama vile amewekewa pamba. Akifungua muziki, anauona kuwa mudogo, basi anageuza butoni mpaka sauti inamupendeza. Kwake yeye sauti ni ya kadiri. Kwa bibi aliyeshinda nyumbani na kwa mutoto aliyekaa chini mbele ya bafle, sauti hiyo ni kubwa sana, lakini nani atamuambia baba kwamba anasikia vibaya?

Njia ya kuepuka mutego huu haiombi feza. Asubuhi ya siku ya mapumziko, masikio yakiwa yamelala vizuri usiku kucha, fungua muziki mpaka kiasi ambacho watu wawili walioketi kwa umbali wa metre 1 wanaweza kuzungumza bila kupandisha sauti. Weka alama ya chaki ao ya rangi kwenye butoni pale pale. Jioni usipite alama hiyo, hata sebene ikianza. Kama alama imefutika, bibi ndiye ageuze butoni. Masikio yake ndiyo mazima.

KWA NINI MUCHIMBAJI ANAHITAJI MASIKIO

Makelele hayaanzi kwa kumufanya mutu kuwa kiziwi kabisa. Yanaanza kwa kula sauti za juu, zile za herufi kama s na f, za mutoto, za kengele ya mbali. Mutu anasikia kwamba wanasema naye, lakini hashiki maneno. Usiku masikio yanalia yenyewe kama nyenje.

Sasa fikirini kazi yetu. Mbele ya kuingia mahali palipopasuliwa, muchimbaji anagonga mawe ya juu kwa chuma kirefu. Jiwe zima linalia wazi, na jiwe lililoachana na mwamba linalia kama chombo kitupu. Kati ya sauti hizo mbili kuna maisha ya watu. Vivyo hivyo kwa kilio cha motokari kubwa inayorudi nyuma katika karieri, na kwa mwenzako anayepaza sauti «Toka!». Masikio yaliyoharibiwa na bafle ndiyo yale yale unayoshuka nayo katika shimo.

JIRANI ALIYETOKA KAZI YA USIKU

Katika kambi, ukuta wa nyumba moja unatazama ukuta wa nyingine. Sauti za juu zinazuiwa na ukuta, lakini bass inapita na kutikisa hata kitanda. Kwa usingizi muzuri, OMS ilishauri mwaka 1999 kwamba makelele ndani ya chumba cha kulala yasipite desibeli 30. Mwenye kufanya kazi ya usiku analala muchana, na muchana ndipo watoto wanafungua ampli. Mutu asiyelala anarudi kazini na macho mazito, na yeye ndiye atakayeongoza mashini karibu nawe. Kwa hiyo uliza jirani: «Baba analala saa ngapi?» Punguza bass kwa saa hizo, na uondoe bafle kwenye ukuta wa jirani.

UMEME NA MOTO

Ampli kubwa inakula umeme mwingi na inatoa joto. Usiifunike na kitambaa, wala usiweke juu yake chombo cha maji ao maua. Acha nafasi ya hewa pande zote. Usiunge ampli, friji na pasi kwenye prizi moja. Fizible ikiungua, weka nyingine ya nguvu ile ile. Kuweka kipande cha waya ao musumari ni kualika moto ndani ya nyumba. Usifungue ampli wewe mwenyewe, kwani hata ikiondolewa kwenye prizi, vyombo vingine vya ndani vinaweza kushika umeme kwa muda. Na bafle nzito zisimame chini, zisipangwe juu ya meza pahali mutoto anaweza kuvuta kamba yake.

KWA KUMALIZA, SHIKENI MAMBO HAYA

1. Vizibo vya masikio kazini, kila siku, vikiwekwa vizuri.
2. Saa nyingi za kimya baada ya kazi, mbele ya muziki.
3. Alama kwenye butoni, na kuishika.
4. Viti vya watoto mbali na bafle, na mutoto muchanga katika chumba kingine.
5. Ukiwa katika sherehe, toka inje mara kwa mara upumzishe masikio.
6. Masikio yakilia siku mbili, ao watu wa nyumbani wakisema kwamba unaomba warudilie maneno, kuja kwenye dispensere. Tutatazama kama ni uchafu ao ugonjwa wa sikio, na kama ni lazima utatumwa kupimwa masikio kwa mashini. Kipimo hakiumizi.

Mwenye kuja mapema anaweza kulinda nywele zilizobaki. Mwenye kungoja miaka kumi, sisi wa dispensere hatuna cha kumurudishia.