Bima ya miwa na mpunga Kilombero: Nani anapima hasara, na kwa kipimo gani?

Moto ukishaingia kwenye shamba la miwa bila ratiba, pale Kidatu, Sanje au Mang'ula, mkulima huanza kuhesabu saa. Miwa inayochomwa kwa utaratibu wa kiwanda huwa imeshapangiwa wakataji, magari na zamu ya kwenda mzani. Ile iliyoungua ghafla haina zamu. Kila siku inayokaa shambani uzito wake hupungua na sukari iliyomo huharibika, ndiyo maana wataalamu wa zao hili hushauri isagwe ndani ya saa 24 hadi 48. Basi mkulima hukimbia huku na huko kutafuta wakataji na gari, na katika mbio hizo ndipo hukumbuka kwamba ana bima, au kwamba hana.

Akiwa nayo, mtu mwenye neno kubwa kuhusu fidia yake si wakala aliyemuuzia bima, wala si meneja wa kampuni aliyeko Dar es Salaam. Ni mkadiria hasara. Huyu ndiye anayekuja kuangalia kilichoharibika, kuuliza kimeharibikaje, kupima kiasi na kuandika ripoti. Kampuni ya bima hulipa, hupunguza au hukataa ikiegemea ripoti hiyo. Kwa sheria yetu ya bima ya mwaka 2009, anayefanya kazi hii anatakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Kwa kawaida anayemlipa ni kampuni ya bima, lakini wajibu wake ni kusema ukweli wa hasara bila kuipendelea kampuni wala mwenye mali.

Wakulima wengi husikia habari za mtu huyu siku ya hasara. Hapo huwa wamechelewa, na nitaeleza kwa nini.

SHAMBA SI GARI

Biashara ya bima nchini ilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa (NIC) pekee tangu mwaka 1967, hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua milango kwa kampuni binafsi. Katika miaka yote hiyo, na hata baadaye, mafaili mengi yaliyopita mezani kwa wakadiria hasara yalikuwa ya magari, kwa sababu bima ya gari ni lazima kisheria. Yaliyofuata ni moto wa majengo, mizigo ya bandarini na mitambo. Mkadiria hasara mzuri wa magari anajua bei ya bampa, anajua gereji inayozidisha bili, na akiona mbonyeo anaweza kusema kama ni wa jana au wa mwaka jana.

Shamba halina bei ya vipuri. Ekari ya miwa ya miezi minane iliyoungua ina thamani gani? Haijafika umri wa kuvunwa, lakini kiwanda kinaweza kuipokea kwa kiwango duni cha sukari. Visiki vyake havijafa, vitachipua tena, kwa hiyo hasara si ya shamba zima. Miwa ya msimu wa kwanza na ile ya machipukizi ya mwaka wa tano hazizai sawa hata zikiwa zimepakana. Mambo haya hujui kwa kusoma hati ya bima. Unayajua kwa kukaa na watu wa miwa, au kwa kuelezwa na mwenzako aliyewahi kukadiria moto wa aina hiyo.

Kwa maoni yangu hapa ndipo kazi hii ilipo nyuma. Tunao wataalamu wa bima wanaosomea vyuoni, kikiwamo Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) cha Dar es Salaam. Tunao pia maofisa ugani wanaojua zao. Ujuzi wa pande hizi mbili haujawekwa kwenye kitabu kimoja ambacho kila mkadiria hasara atakitumia akifika Ruhembe au Ifakara, na mkulima naye anaweza kukisoma.

Marekani, ambako bima ya mazao ya serikali ilianza mwaka 1938, kila zao lina mwongozo wake wa kukadiria hasara. Unaeleza uchukue sampuli ngapi, upime wapi ndani ya shamba na uhesabu vipi. Miongozo hiyo si siri ya kampuni. Mkulima akitaka anaisoma, na mkadiria hasara akikosea anaonyeshwa ukurasa.

TUTUMIE HESABU

Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za mfano tu. Mkulima ana ekari nne, na kwa kumbukumbu zake kila ekari humpa tani 30. Moto unaunguza ekari tatu, ambazo zingetoa tani 90. Anafanikiwa kupeleka kiwandani tani 50, kwa hiyo amepoteza tani 40. Hati yake inakadiria tani moja kuwa shilingi 80,000, na inasema mwenye bima atabeba mwenyewe asilimia 10 ya hasara. Hasara ni shilingi 3,200,000. Ukiondoa sehemu yake ya shilingi 320,000, anastahili kulipwa shilingi 2,880,000.

Sasa tuseme mkadiria hasara amefika siku ya kumi. Miwa imeshakatwa, shamba ni majivu na majani mabichi yanayoanza kuchipua, stakabadhi za mzani zimechanganyika na za jirani waliyechangia naye gari, na hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba ekari ile huzaa tani 30. Mkadiria hasara mwangalifu hataandika asichokiona. Ataweka tani 20 kwa ekari, zitakuwa tani 60, atoe 50, hasara ibaki tani 10. Fidia ni shilingi 720,000. Hakuna aliyeiba wala aliyedanganya, lakini shilingi 2,160,000 zimepotea kwa kukosa karatasi.

Kufika siku ya kumi kunawezekana sana. Kidatu iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, na safari ya mtaalamu mmoja, yaani mafuta, malazi na ada yake, inaweza kula sehemu kubwa ya fidia ya mkulima wa ekari moja. Kampuni itangoja mafaili matano yakusanyike ndipo imtume. Kwa kampuni hiyo ni hesabu nzuri, lakini miwa haiwezi kungoja.

MZANI NI SHAHIDI

Kinachonishangaza ni kwamba bonde hili lina kumbukumbu ambazo maeneo mengi ya kilimo nchini hayana. Miwa ya mkulima ikiingia kiwandani hupimwa uzito na kiwango cha sukari, na malipo hufuata vipimo hivyo. Chama cha msingi (AMCOS) kina orodha ya wanachama na mashamba yao. Ukizikusanya kumbukumbu za misimu mitatu au minne, unaweza kusema bila kubahatisha shamba la fulani huzaa kiasi gani.

Morisi wamefanya hivyo kwa muda mrefu. Kisiwa hicho hupigwa na vimbunga, na mwaka 1946 kilianzisha mfuko wa bima ya sukari unaowahusisha wakulima wa miwa wakubwa kwa wadogo. Mfuko huo unatunza kumbukumbu za uzalishaji wa kila mkulima mwaka hadi mwaka, na fidia hupimwa kwa kulinganisha na kumbukumbu zake mwenyewe. Mkadiria hasara wa huko haanzi na ukurasa mtupu.

Kilombero ingeweza kufanya jambo dogo kuliko hilo: kila AMCOS kuwa na faili la kila mwanachama lenye ukubwa wa shamba uliopimwa kwa kifaa cha setilaiti, mwaka wa kupanda, idadi ya machipukizi, na tani za misimu iliyopita. Fomu iwe moja kwa vyama vyote, na wakadiria hasara wa kampuni zote wakubaliane kuitumia. Ukaguzi wa kwanza baada ya moto ufanywe siku hiyo hiyo na ofisa ugani au mtu wa chama aliyefundishwa, apige picha zenye tarehe na mahali, kisha mkadiria hasara aje baadaye kuhakiki.

Nakubali kuna hatari. Mtu wa chama ni jirani, na jirani huoneana haya. Lipo pia jambo ambalo watu wa miwa duniani kote wanalijua ingawa hawapendi kulitaja: moto mwingine huwashwa na mtu anayetaka miwa yake, au ya ndugu yake, itangulie foleni. Mkadiria hasara lazima aulize moto ulianzia wapi, na mkulima asimchukie kwa kuuliza. Ndiyo maana ukaguzi wa kwanza uwe na saini mbili, na moja isiwe ya mwanakijiji huyo huyo.

MPUNGA NA MAFURIKO

Kwa wakulima wa mpunga wa Ifakara, Mlimba na Malinyi habari ni tofauti. Mashamba ni mengi na madogo, na hakuna mzani mmoja unaopokea mazao yote. Ndiyo sababu bima nyingi za wakulima wadogo siku hizi hazimtumi mtu kwenye kila shamba. Nyingine hulipa kwa kipimo cha mvua: ikishuka au kupanda kupita kiwango kilichoandikwa, wote wa eneo hilo hulipwa. Nchini Kenya mpango wa Kilimo Salama ulianza kwa njia hiyo mwaka 2009. Nyingine hulipa kwa wastani wa mavuno ya eneo, ambapo sampuli hukatwa kwenye vipande vya mashamba vilivyochaguliwa.

Njia hizi ni nafuu, lakini mkulima wa Kilombero azichunguze vizuri. Maji yanayozamisha mpunga wetu mara nyingi hayakunyesha hapa. Yanateremka na mito kama Ruhudji na Mnyera kutoka nyanda za juu, au na Lumemo kutoka Udzungwa. Kipimo cha mvua cha Ifakara kinaweza kuonyesha mwezi wa kawaida huku mpunga umelala chini ya maji. Kwenye wastani wa eneo nako, mwenye shamba la mbugani anaweza kupoteza kila kitu halafu aambiwe eneo lake limevuna vizuri, kwa sababu wenzake wa miinuko walivuna. Kabla hujalipia, muulize wakala: kipimo kiko wapi, na eneo langu linaishia wapi?

Mvua za msimu wa 2023/24 zilitukumbusha ukubwa wa jambo hili. Mwishoni mwa Aprili 2024 serikali ililieleza Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamepoteza maisha nchini kutokana na mvua na mafuriko. Mapema mwaka huo huo sukari iliadimika madukani, kwani mvua zilizuia uvunaji na usafirishaji wa miwa. Hapo pana swali ambalo hati nyingi hazilijibu wazi: miwa iliyosimama shambani hadi ikapitiliza umri kwa sababu gari haliwezi kufika, je, ni hasara ya mafuriko? Kwa macho ya mkadiria hasara, maji hayakuigusa. Swali hilo ulizwa kabla ya kusaini.

Wenye maduka nao wasidhani haya ni ya wakulima tu. Mfanyabiashara mwenye mali ya shilingi milioni 20 akiikatia bima ya milioni 10 ili apunguze ada, halafu moto ukamlia mali ya milioni sita, mara nyingi atalipwa milioni tatu, kwa kuwa alikuwa amekinga nusu tu ya mali yake. Mkadiria hasara atataka daftari la mauzo na risiti za manunuzi. Likiwa daftari limeungua na duka, ajiandae kwa mazungumzo marefu. Picha za kurasa hizo ndani ya simu ya mke au mume zingetosha kuyafupisha.

MBELE KUNA NINI

Mwaka 2023 kampuni za bima nchini, chini ya uangalizi wa TIRA, ziliunda konsotia ya bima ya kilimo (TAIC) ili zibebe kwa pamoja hatari ambayo moja isingeiweza. Hiyo ni nafasi nzuri ya kuwa na fomu moja na mwongozo mmoja wa kukadiria, kwa sababu kampuni zinazochangia hasara hazina sababu ya kufichana namna ya kuipima. Upande wa miwa, mpango wa kupanua kiwanda cha Kilombero uliotangazwa mwaka 2021 ulilenga kutoa sukari kutoka takriban tani 127,000 hadi tani 271,000 kwa mwaka. Miwa mingi zaidi ya wakulima maana yake ni mikopo mingi zaidi ya pembejeo, na benki inayokopesha itataka kinga.

Picha za setilaiti na ndege zisizo na rubani zitasaidia kujua shamba lipi limeungua na lini. Haziwezi kusema miwa ile ilikuwa machipukizi ya mwaka wa ngapi, wala nani alikuwa amekodi shamba msimu huo.

Kwa sasa, mwenye hati ya bima aitoe sandukuni na kutafuta mambo matatu: ndani ya siku ngapi anatakiwa kutoa taarifa ya hasara, kama anaruhusiwa kuvuna kilichobaki kabla mkadiria hasara hajafika, na sehemu gani ya hasara ataibeba mwenyewe. Akitembelewa, aombe kuona usajili wa TIRA wa mgeni wake, na aandike alichopimiwa kabla gari halijaondoka. Asiporidhika na malipo, aanze na barua kwa kampuni yenyewe. Ikishindikana, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO). Huko nako ataulizwa stakabadhi za mzani.