Mahari ya Tanga, Mahari ya Musoma

Kijana wa Tanga mjini akisema ametoa mahari, na kijana wa Musoma akasema hivyohivyo, wametamka neno moja lakini mali imeingia mikono tofauti. Kwa Waislamu wa pwani, mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Yeye ndiye anayeitaja, na kisheria ni mali yake, iwe fedha, dhahabu au msahafu. Kwa Wakurya wa Mara, mahari ni ng'ombe, na ng'ombe hao huingia zizini kwa baba wa binti. Mara nyingi ndio haohao ambao kaka yake atawatoa siku akitaka kuoa.

Si kwamba pwani wazazi walisahauliwa. Walitengewa vyao, na kila kimoja kikapewa jina. Kuna kilemba cha baba. Kuna mkaja wa mama, uliotokana na kile kitambaa anachofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua, na ubeleko, nguo ya kubebea mtoto mgongoni. Mama wa binti anakumbukwa kwa uchungu wa uzazi na kwa uzito wa mtoto aliyembeba. Bwana harusi naye hajamaliza kutoa: atadaiwa kifungua mlango ndipo aingie chumbani, na akishaingia kuna kipa mkono cha bibi harusi.

Neno mahari lilipopanda bara liliyaacha majina hayo nyuma, likawa linabeba mzigo wote peke yake. Ndiyo maana ubishi wa kama mahari "inamnunua" mwanamke hauna mwisho: mmoja anasema juu ya zawadi ya mke, mwingine juu ya ng'ombe wa baba mkwe. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haikungoja wakubaliane. Inasema ndoa iliyotimiza masharti ya sheria hiyo ni halali hata kama desturi ya mahari haikufuatwa.

Ndoa na harusi nazo huchanganywa kila siku, ingawa asili yake ni mbili. Ndoa ni neno la Kibantu, lina mzizi mmoja na kuoa. Harusi, ambayo wazee bado huiita arusi, imetoka kwenye Kiarabu na ni ile shughuli yenyewe: kamati, vikao, kadi za michango, kicheni pati, sendofu, ukumbi. Ndoa yaweza kufungwa bila harusi yoyote. Mwulize aliyefumaniwa na binti wa watu akafungishwa ndoa ya mkeka usiku uleule, shekhe na mashahidi wakiwa wameitwa haraka. Na wapo waliokwisha kulea watoto pamoja ndipo wakaenda kanisani "kubariki ndoa", harusi ikafuata miaka mingi baadaye.

Kwenye vitenzi, Kiswahili hakina haya: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Ukisema "Juma kaolewa" umemtukana, maana yake amehamia kwa mkewe na analishwa. Binti akiozwa, uamuzi umetoka kwa wazazi. Kuoana kunawaweka wote wawili sawa, na hapo ndipo sheria iliposimama, kwa kuwa kifungu cha 16 cha Sheria ya Ndoa kinataka ridhaa ya hiari ya kila upande. Katika kuvunjika mambo ni yaleyale. Mke anaweza kwenda mahakamani kuomba talaka kama mume, lakini mtaani bado ataambiwa "kaachika".

Neno shemeji, kwa upande wake, limevuka mipaka ya ukoo. Siku hizi hata mpenzi wa rafiki anaitwa shemeji kabla ya posa, na asipodumu, shemeji mwingine hupatikana.

Neno linaloweza kuleta kesi ni "sogea tukae", jina la mtaani la wanaoishi kinyumba bila kufunga ndoa. Wengi hudhani hapo hakuna madai. Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, na jamii ikawatambua kama mume na mke, sheria itadhania kwamba walioana. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, kwa mfano kwamba mmoja wao alikuwa bado kwenye ndoa ya mke mmoja na mtu mwingine. Hata ikivunjwa, mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Basi katika kesi ya namna hiyo, jirani anaweza kusimama kizimbani akaulizwa jambo dogo tu: miaka yote hiyo pale mtaani, huyu mama mlikuwa mkimwita mke wa nani?