Kinanda Kimekufa au Kimelala? Matunzo na Matengenezo ya Vinanda vya Umeme katika Sharika Zetu



Ofisi yetu ya miradi hupokea barua nyingi za maombi kutoka sharika za Ngara na Biharamulo. Nyingi huomba mabati, matangi ya maji au pikipiki za wainjilisti. Barua moja kutoka usharika ulio upande wa Bukiriro iliomba kinanda kipya. Kamati iliandika kwamba kinanda cha zamani "kimekufa", na kwamba kwaya imekuwa ikiimba bila kinanda kwa miezi minane. Kinanda hicho kilinunuliwa kwa fedha za mnada wa mavuno, yaani mikungu ya ndizi, maharage na mbuzi wawili, pamoja na nyongeza ya marafiki zetu wa Ulaya.

Kabla ya kuwaandikia wafadhili, tuliona vema kwenda kukiona. Tulibeba bisibisi, kipimo cha umeme na adapta ya kinanda kutoka ofisini. Kinanda kilikuwa sakristia, kimefunikwa kitenge. Tulikiunganisha kwa adapta yetu, tukabonyeza kitufe, kikawaka. Mzee wa kanisa aliyekuwa nasi alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa miezi yote hii tulikuwa tunangoja nini?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Tumegundua kwamba vinanda vingi vinavyosemwa vimekufa havijafa. Vingine vimekosa umeme sahihi, vingine vimejaa vumbi, na vingine vimebonyezwa kitufe ambacho hakuna anayejua kazi yake.

Kilichotokea katika usharika ule

Kinanda kile kilianza kuzimika chenyewe katikati ya ibada. Kilipiga vizuri nyimbo za mwanzo, lakini baada ya mahubiri mpiga kinanda alikikuta kimezimika. Kamati iliamua kwamba adapta imechoka, ikanunua nyingine dukani mjini. Kuanzia siku hiyo hakikuwaka kabisa.

Ukweli ni kwamba kinanda kilikuwa kizima tangu mwanzo. Vinanda vingi vya miaka ya karibuni vimewekewa mpango wa kujizima vyenyewe visipoguswa kwa muda fulani, mara nyingi dakika 30, ili kuokoa umeme. Mahubiri yetu mara nyingi huzidi dakika hizo! Adapta mpya nayo haikulingana na kinanda. Ugonjwa haukuwepo, dawa ndiyo iliyoleta ugonjwa.

Mpango huo wa kujizima unaweza kuondolewa. Katika vinanda vingi vya Yamaha vya aina ya PSR-E, shikilia kibao cha mwisho kabisa upande wa kushoto huku ukiwasha kinanda. Kwa vinanda vingine, tazama kitabu cha maelekezo.

Kwanza umeme

Umeme umefika katika vijiji vyetu vingi, na mradi wa maporomoko ya Rusumo wenye megawati 80, zinazogawanywa na Tanzania, Rwanda na Burundi, uko wilayani Ngara. Hata hivyo, umeme kufika ni jambo moja na umeme kutulia ni jambo lingine. Aidha, mitaa mingine bado inatumia jua au jenereta. Kwa hiyo kamati izingatie mambo yafuatayo:

1. Soma maandishi ya adapta. Umeme wa ukutani Tanzania ni volti 230. Adapta iliyoandikwa 100-240 V ni salama. Adapta ya zamani kutoka Marekani iliyoandikwa 120 V peke yake itaungua, na pengine itaunguza na kinanda.

2. Linganisha volti zinazotoka. Kinanda kikihitaji volti 12, kipewe 12, si 9 wala 19. Ampea za adapta ziwe sawa na zile zinazotakiwa au zaidi, zisipungue.

3. Angalia alama ya chanya na hasi. Karibu na tundu la umeme pana mchoro mdogo unaoonyesha kama katikati ni chanya au hasi. Si vinanda vyote vinavyofanana. Plagi inaweza kuingia vizuri kabisa na bado umeme ukawa kinyume. Hilo ndilo lililoupata usharika tuliousimulia, na ni neema tu kwamba kinanda hakikuungua.

4. Usiunganishe kinanda moja kwa moja na betri ya sola. Betri ya volti 12 inapochajiwa hupanda hadi zaidi ya volti 14. Tumia inveta pamoja na adapta ya kinanda, au kifaa cha kudhibiti volti.

5. Jenereta iwashwe kwanza, itulie, ndipo kinanda kiunganishwe. Mafuta yakikaribia kwisha, zima kinanda mapema, kwa sababu umeme huyumba sana jenereta inapokata roho.

6. Acheni kuchomeka nyaya tupu kwenye soketi kwa njiti za kiberiti. Plagi ya Ulaya yenye miguu ya duara hupata adapta ya kubadilisha miguu kwa bei ndogo.

Wengine hudhani kinanda kinakula umeme mwingi. Sivyo. Kinanda kidogo kinachotumia wati 10 kwa ibada ya saa 3 hutumia wati-saa 30 tu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600, na hata tukitumia nusu yake ili isiharibike, inabaki akiba kubwa. Mlaji mkubwa ni ampilifaya.

Kinawaka lakini hakitoi sauti

Kabla ya kumwita fundi, fuateni hatua hizi kwa utaratibu:

1. Angalia kama kuna kitu kimechomekwa kwenye tundu la spika za masikioni. Kikiwemo, hata kipande cha plagi kilichovunjikia humo, spika za kinanda hunyamaza.

2. Pandisha sauti ya kinanda, kisha ya ampilifaya. Badilisha waya. Waya ndio unaochoka mapema kuliko vyote, hasa pale unapokunjwa kila Jumapili.

3. Mkono wa kushoto haulii sawasawa au unatoa ngoma badala ya noti? Mara nyingi kitufe cha kusindikiza kimebonyezwa, na vibao vya kushoto vimegeuzwa kuwa vya kuongoza mdundo. Kizime.

4. Kwaya inasema kinanda "kimepanda" au "kimeshuka"? Tazama kitufe chenye neno TRANSPOSE. Kirudishwe kwenye sifuri.

5. Pedali inafanya kazi kinyume? Zima kinanda, ichomeke pedali, kisha washa bila kuikanyaga. Vinanda vingi huipima pedali wakati wa kuwaka.

6. Yote yakishindikana, rudisheni kinanda katika hali ya kiwandani. Katika vinanda vingi vya PSR-E, shikilia kibao cheupe cha mwisho upande wa kulia huku ukiwasha. Jihadharini: mipangilio mliyoihifadhi itafutika.

Kibao kimoja kinanyamaza au kinapiga kelele

Malalamiko haya huja zaidi wakati wa kiangazi, barabara zetu zinapotoa vumbi jekundu. Sababu yake inaeleweka. Piano ya asili ina nyundo na nyuzi zaidi ya 200. Kinanda cha umeme hakina nyuzi. Kina sauti zilizorekodiwa au kutengenezwa ndani yake. Chini ya kila kibao mna kipande cha mpira chenye sehemu mbili nyeusi za kugusisha. Unapobonyeza, moja hugusa kabla ya nyingine, na kinanda hupima muda kati ya miguso hiyo miwili. Muda ukiwa mfupi, kinajua umepiga kwa nguvu; ukiwa mrefu, umepiga polepole. Vumbi likiziba mguso mmoja, hesabu huharibika, na noti hunyamaza au hulia kwa nguvu isiyotarajiwa.

Dawa yake si sehemu mpya. Fundi wa redio au wa simu aliye makini anaweza kufungua kinanda kikiwa hakijaunganishwa na umeme, akaondoa mpira, akasafisha kwa pamba na spiriti ya isopropili, akaacha vikauke kabisa na kurudisha. Atumie mkono mwepesi, maana utando mweusi ukikwanguliwa haurudi. Apange skrubu kwa mpangilio, kwa sababu urefu wake hautofautiani bure. Kamwe asimwagie mafuta ndani.

Kinga ni bora zaidi. Kinanda kifunikwe kwa kitambaa kizito baada ya kupoa, kikae juu ya meza na si sakafuni, mbali na dirisha linalovuja na njia ya panya. Mende na sisimizi hupenda joto la ndani. Maua ya madhabahuni na glasi ya maji visikae juu yake hata kidogo.

Kupata faida zaidi

Kinanda kizima kinaweza kufanya zaidi ya kusindikiza pambio. Mwalimu wa kwaya anaweza kurekodi sauti ya pili au ya tatu ndani ya kinanda, waimbaji wakajifunza hata yeye asipokuwepo. Kitufe cha TRANSPOSE kinasaidia kushusha wimbo ambao ni mrefu kwa wazee wetu. Spika za masikioni humwezesha kijana kufanya mazoezi sakristia huku kamati ikikutana ukumbini. Kwa nyimbo za kitabu cha Tumwabudu Mungu Wetu tunashauri sauti ya ogani au piano bila mdundo wa mashine, ili usharika ndio uongoze mwendo.

Mnapotumia ampilifaya, washeni kinanda kwanza na ampilifaya mwisho. Wakati wa kuzima, ampilifaya kwanza. Mshindo ule wa "puu!" unaosikika mkikosea ndio unaopasua spika.

Nani anawajibika?

Hapa tunapenda kusema wazi, tukianza na sisi wenyewe. Kwa miaka kadhaa tulipeleka vinanda sharikani, tukapiga picha ya makabidhiano, tukaandika taarifa kwamba mradi umekamilika. Hatukuweka fungu la matunzo wala siku moja ya mafunzo. Kitabu cha maelekezo kilibaki ndani ya boksi, kwa lugha ambayo wengi sharikani hawaisomi. Kosa hilo si la wanausharika.

Kampuni ya Yamaha yenyewe ilianzia kwenye matengenezo. Mwaka 1887, fundi Torakusu Yamaha aliitwa kutengeneza ogani ya shule katika mji wa Hamamatsu, Japani. Alipoifungua na kuielewa, alianza kutengeneza za kwake. Nasi tungependa kila usharika uwe na angalau mtu mmoja asiyeogopa kuelewa.

Kwa kamati za sharika tunashauri: teueni watu wawili, mmoja wao kijana, wa kutunza kinanda, wekeni daftari la kuandika kila tatizo na tarehe yake, andikeni kwa rangi juu ya adapta "YA KINANDA TU", na tengeni sadaka moja kwa mwaka kwa ajili ya waya, adapta ya akiba na fundi. Barua ya kuomba kinanda kipya ije pamoja na nakala ya daftari hilo.

Kwa wafadhili wetu tunaowashukuru sana: mnapotuma kinanda, tumeni pia adapta mbili za 100-240 V, pedali, waya wa akiba na kifuniko. Na ikiwa mna fedha ya kinanda kimoja tu, tuulizeni kwanza. Huenda nusu yake ikatosha kuamsha vitatu vilivyolala.

Katika usharika ule, kinanda kililia Jumapili iliyofuata. Kijana aliyekuwa akikipiga hakuwepo. Katika miezi ile ya ukimya aliacha kuja mazoezini, na hadi tunaandika makala hii mwalimu wa kwaya bado anamfuata nyumbani kumwomba arudi. Adapta tuliibadilisha kwa dakika tano. Yeye hatujui tutampata lini. Kwa sababu hiyo, ndugu zetu, tunawaomba msingoje miezi minane. Leo jioni nendeni sakristia, mkafunue kitenge, mkaangalie.

Ofisi ya Miradi ya Dayosisi