Commodore: Rekodi za Mashine Zilizokataa Kustaafu

Tarehe 29 Aprili 1994 kampuni ya kompyuta ya Commodore ilitangaza kufilisika. Imepita zaidi ya miaka 30, na bado wapo watu wanaoziwasha kompyuta zake, wanaozifungua na kuzisafisha, wanaoziandikia programu mpya. Watu hawa nawaheshimu. Hizi hapa rekodi zao na za mashine walizozichagua.

Iliyouzwa kuliko zote

Ni Commodore 64 ya mwaka 1982. Kitabu cha rekodi cha Guinness kinaitambua kuwa modeli moja ya kompyuta iliyouzwa zaidi. Makadirio ni kati ya milioni 12.5 na 17. Ilianza kwa dola 595, na mwaka uliofuata bei ikashuka hadi karibu dola 200. Bei hiyo iliwezekana kwa sababu Commodore ilikuwa na kiwanda chake cha chipu, MOS Technology, na mkuu wake, Jack Tramiel, mzaliwa wa Łódź aliyenusurika Auschwitz, alitaka kompyuta iwe ya mtu wa kawaida. Programu nyingi zilihifadhiwa kwenye kaseti zilezile za muziki, zile tulizokuwa tukizirudisha nyuma kwa kalamu. Ukiiwasha, skrini ya buluu inakuhesabia baiti 38,911 ulizo nazo, halafu inakungoja uandike.

Iliyovumilia kazi chafu kuliko zote

Mwaka 2016 picha za gereji moja ya Gdańsk, Poland, zilienea duniani. Commodore 64, plastiki yake imejaa vumbi na mafuta, ilikuwa ikibalansi propela shafti, kile chuma kirefu kinachopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi magurudumu ya nyuma. Ilikuwa imefanya kazi hiyo zaidi ya miaka 25, na hata mafuriko yaliyoingia gereji hayakuiua. Fundi hakuiweka kwa ajili ya kumbukumbu. Aliiweka kwa sababu shafti zilitoka zimebalansiwa sawasawa.

Iliyobeba dhamana kubwa kuliko zote

Huko Grand Rapids, Michigan, Marekani, Amiga moja, kompyuta nyingine ya Commodore, iliendesha mitambo ya joto na ubaridi ya shule 19 tangu miaka ya 1980. Programu yake iliandikwa na mwanafunzi wa sekondari. Habari hizi zilipotangazwa mwaka 2015, bado yeye ndiye aliyekuwa akiitwa ikileta matatizo. Kuibadilisha kulikadiriwa kugharimu kati ya dola milioni 1.5 na 2.

Yenye sahihi ya kipekee kuliko zote

Fungua skrubu za Amiga 1000 ya mwaka 1985, ugeuze kifuniko. Kwa ndani utakuta sahihi za wahandisi walioitengeneza zimechorwa kwenye plastiki yenyewe, na kati yazo alama ya unyayo wa mbwa. Ni Mitchy, mbwa wa Jay Miner, baba wa Amiga, aliyekuwa akienda naye kazini. Mnunuzi asiyefungua kifuniko asingeziona kamwe. Kwangu mimi hapa ndipo mapenzi ya watumiaji yanapoeleweka: mtu anakuwa mwaminifu kwa chombo kilichotengenezwa na watu walioona fahari kukitia sahihi.

Michoro iliyokaa gizani muda mrefu kuliko yote

Amiga ilipozinduliwa New York mwezi Julai 1985, Andy Warhol aliitumia jukwaani kumchora mwimbaji Debbie Harry. Michoro mingine aliyoifanya kwa mashine hiyo ilibaki kwenye flopi karibu miaka 30, mpaka wanachama wa klabu ya kompyuta ya Carnegie Mellon walipoitoa, ikatangazwa mwaka 2014. Iliokolewa na watu waliokuwa bado wanaijua lugha ya mashine ya zamani.

Toleo lililokuja muda mrefu baada ya kifo cha kampuni

Mei 2021 lilitoka toleo la 3.2 la AmigaOS, mfumo endeshi wa Amiga, kwa ajili ya mashine zilezile za zamani, miaka 27 baada ya Commodore kufilisika. Halikutoka kwa sababu ya soko kubwa. Wenye Amiga walikuwa bado wanazitumia, na wapo waliokuwa tayari kuwaandikia.

Nyingi ya rekodi hizi hazikuwekwa na kampuni. Ziliwekwa na fundi wa Gdańsk, kijana wa Grand Rapids na wenzao, kila mmoja kwa kutazama kazi iliyo mbele yake na kuona kwamba chombo alichonacho bado kinaiweza. Nasi tunaposhawishiwa kila mwaka kutupa kilicho kizima, tungeanza kwa kuuliza kama wao: kazi yangu inafanyika, haifanyiki?