Panadol Haiivishi Maharagwe

"Madam, tembe ngapi kwa kilo mbili?"

Swali hilo nimelisikia Litein, nikalisikia Sotik, nikalisikia tena Kapkatet kwenye chama cha akina mama ambao walikuwa wamenialika nizungumze juu ya kukausha mboga. Hawaulizi kama panadol inaivisha maharagwe. Hilo walishakubaliana zamani, kwa ushahidi wa jirani, wa mpishi wa shule na wa shemeji mwenye kibanda karibu na stendi. Kwangu wanataka kipimo tu, na nikikataa kukitoa naonekana mchoyo wa elimu. Basi nakitoa hapa, kwa maandishi, ili nisiulizwe tena: sufuri. Kwa kilo mbili ni sufuri, na kwa gunia zima ni sufuri.

Shida yenyewe naielewa. Jioni ya Kericho ikiingia, mvua ya mawe imepita na baridi inashuka, hakuna anayetamani saladi. Watu wanataka maharagwe yenye mchuzi mzito kando ya kimnyet (ugali) cha moto, au githeri iliyokaangwa kwa vitunguu, kisha chai ya maziwa ya kulalia. Wapishi wa nyumbani wa huku ni hodari, na siri wanazopeana mkutano ukishakwisha nyingi ni za maana. Aliyekula mboga ya isagek iliyolala na maziwa usiku kucha hahitaji kuelezwa. Lakini maharagwe yanawaumbua hata hodari. Mtu anaolewa Bomet akitokea Mombasa, anapika rosekoko ile ile aliyoizoea, kuni mara mbili, na saa tatu baadaye punje bado zinagonga mwiko.

Atakwambia maharagwe ya huku yana kiburi. Hayana. Kilichopungua ni joto la maji. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu hivyo haiyakandamizi maji kama ya pwani, kwa hiyo yanachemka yakiwa na nyuzi 93 hivi. Mombasa yanafika 100, Kisumu karibu 96. Unaweza kuchochea kuni zote za mkaratusi wa shamba. Maji yatatokota kwa fujo na kukauka upesi, lakini hayatapanda hata nyuzi moja. Na nyuzi hizo saba zina gharama kubwa kuliko zinavyosikika: chakula kilichoiva kwa saa moja na nusu pwani kinaweza kudai saa tatu huku. Charles Darwin alikutana na jambo hili akivuka milima ya Andes mwaka 1835. Viazi vilichemka usiku kucha, vikachemshwa tena asubuhi, havikuiva, na wasafiri wenzake wakahitimisha kwamba sufuria, kwa kuwa ilikuwa mpya, haikupenda kuivisha viazi. Angalau wao hawakutia dawa.

Sasa tuje kwenye panadol, na nikisema panadol namaanisha parasetamoli ya jina lolote.

Punje ya haragwe inashikiliwa na pektini, gundi iliyo kati ya seli na seli, ambayo imekazwa na kalsiamu na magnesiamu. Kuiva ni gundi hiyo kulegea ili maji yapenye hadi kwenye wanga. Vitu vinavyoweza kuilegeza vinajulikana: joto, muda, sodiamu inayochukua nafasi ya kalsiamu, na maji yenye ualkali. Parasetamoli haimo. Haiondoi kalsiamu, haiyafanyi maji kuwa ya alkali, haivunji protini. Ni dawa ya kutuliza maumivu na kushusha homa, na punje ya rosekoko haina kichwa cha kuuma.

"Lakini mimi nimejaribu na yakaiva." Najua. Hebu niambie uliitia lini. Uliitia baada ya saa mbili motoni, ulipokata tamaa, wakati maharagwe yalikuwa yamebakiza nusu saa tu. Ungetia jiwe la mtoni wakati huo yangeiva vilevile, na leo tungekuwa tunauziana mawe. Anayetaka kunishawishi aweke sufuria mbili sawa, maharagwe ya gunia moja, maji sawa, moto sawa, moja itiwe tembe na nyingine isitiwe, kisha asiyejua ipi ni ipi ndiye abonyeze punje. Rahisi kabisa. Nimeahidi kwenye vyama vingi kwamba atakayeniletea sufuria hizo mbili nitamnunulia gesi, na mtungi bado ninao.

Kuna namna moja ambapo mtu anaweza kuona tofauti ya kweli, nami sitaificha. Zile tembe zinazotoa povu kwenye maji zina bikaboneti ya sodiamu. Povu linatokana nayo. Kama kuna kilicholainika hapo, kimelainishwa na hiyo bikaboneti, yaani soda ya kuokea, ambayo ingepatikana dukani kwa bei ya soda. Umeinunua kwa bei ya dawa, na dawa yenyewe umeimimina kwenye chakula.

Halafu kuna faraja ya pili, kwamba moto utaimaliza. Hautaimaliza. Parasetamoli inayeyuka kwenye nyuzi 169. Sufuria yako haifiki hata 100. Ndani ya maji ni dawa imara mno, na baada ya saa moja au mbili za kuchemka sehemu yake kubwa kabisa bado ni nzima, imeenea kwenye mchuzi. Kile kidogo kinachovunjika kinatoa para-aminofenoli, kemikali inayodhuru figo. Kwa hiyo kila anayepakuliwa anapakuliwa dozi.

Dozi kiasi gani? Tembe moja ina miligramu 500, na mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani tembe nane. Tembe nne katika sufuria ya watu wanane hazitamuua mtu mzima mwenye afya. Sina haja ya kumtisha mtu kwa uongo. Swali ni nani amekaa mezani. Kuna mtoto wa kilo 12, ambaye dozi yake halali haifiki hata nusu tembe, na anayeweza kuwa na homa ambayo mama anahitaji kuiona. Kuna mjomba ambaye ini lake limeshachoshwa na pombe. Kuna aliyeshuka shambani na mafua, ameshakunywa tembe zake sita tangu asubuhi, na sasa anaongezewa nyingine asizozijua. Na mpishi hapimi. Anayeanza na nne wiki hii, wiki ijayo akipata maharagwe makavu zaidi ataweka kumi, kwa sababu kitu kisichofanya kazi hakina kipimo cha kutosha.

Ini likiumizwa na parasetamoli halipigi kelele siku ya kwanza. Mtu anatapika kidogo, au hahisi chochote, anaweza hata kujiona nafuu. Maumivu ya ubavu na macho ya manjano vinakuja siku za baadaye. Hospitali zina dawa ya kumwokoa, asetilisisteini, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa nane. Ila ili itolewe, daktari lazima ajue mgonjwa amekunywa nini. Nani ataulizwa, akiwa kitandani, maharagwe yake yalitiwa nini? Wenye vibanda nao wakumbuke kwamba kuuza chakula kilichotiwa kitu chenye madhara ni kosa chini ya Sura ya 254 ya Sheria za Kenya, hata kama mteja amesifu ulaini wake.

Nyama nayo imeingizwa kwenye ushirikina huu, hasa kuku wa kienyeji aliyezeeka. Jibu ni lile lile. Ukitaka kumlainisha, msugue kwa utomvu wa papai bichi au mfunge kwenye majani yake kwa muda kabla ya kupika. Papai lina kimeng'enya, papaini, kinachokata protini kwelikweli. Sijui kwa nini tunaruka mti ulio uani kwenda kununua tembe.

Magadi ni kesi tofauti, maana yanafanya kazi. Ni sodiamu na alkali kwa pamoja, na pektini haiyawezi. Lakini yanaharibu vitamini B1, yanaacha ladha ya sabuni mkono ukizidi, na yale mabonge yanayochimbwa kwenye maziwa ya Bonde la Ufa yana floridi, ile ile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Kama huwezi kuishi bila soda, tumia nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea kwenye maji ya kulowekea, kisha uyamwage. Mabonge muwaachie ng'ombe.

Yanayosaidia ni haya, na nitayasema haraka kwa sababu hayana utata. Nunua maharagwe ya msimu huu. Yaliyokaa mwaka mzima kwenye ghala lenye joto na unyevu hukakamaa na hakuna sufuria itakayoyarudisha ujana. Aina ya Nyota kutoka taasisi ya utafiti wa kilimo, KALRO, huiva upesi kuliko nyingi. Loweka usiku kucha kwenye maji yenye chumvi, kijiko kimoja cha mezani kisichojaa kwa kila lita, asubuhi mwaga, suuza. Ndiyo, chumvi, anayesema chumvi inakaza maharagwe hajawahi kuyaloweka nayo, kwa kuwa sodiamu yake ndiyo inayolegeza ile gundi. Kinachokaza ni asidi, kwa hiyo nyanya na ndimu visubiri hadi punje ziive.

Kisha nunua presha kuka. Huku milimani si anasa, ndicho chombo pekee cha jikoni kinachorudisha joto tulilonyimwa na mwinuko: ndani yake maji yanafika nyuzi 110 hadi 117 hapa hapa Kericho, na maharagwe yaliyolowekwa yanaiva kwa nusu saa hivi tangu ianze kupiga. Mfaransa Denis Papin aliunda ya kwanza mwaka 1679 na baadaye akaiwekea vali ya usalama, kwa hiyo woga wa kulipuka umepitwa na wakati kidogo. Usijaze zaidi ya nusu. Safisha tundu la mvuke kila mara, kwa sababu ganda moja la haragwe linaweza kuliziba. Usilazimishe kifuniko kabla presha haijashuka. Kwa jiko la makaa ni ngumu kupunguza moto, gesi ni bora. Ya umeme ni bora zaidi kwa mtu mwenye shughuli: inajizima yenyewe, inatumia kama wati 1,000 na mara nyingi imepumzika, kwa hiyo sufuria ya maharagwe haimalizi uniti moja. Kenya Power wenyewe wameipigia debe kwenye kampeni yao ya Pika na Power, na tatizo lake ni lile unalolijua, stima kupotea mvua ikinyesha. Vitamini? Maharagwe ya saa tatu kwenye sufuria wazi hayana cha kujivunia mbele ya ya nusu saa.

Asiye na pesa ya presha kuka atumie kikapu cha kupikia bila moto, kile kilichojazwa mabaki ya vitambaa au pamba. Kinaokoa kuni nyingi. Lakini hapa sikiliza vizuri, kwa sababu hili ndilo swali ambalo ningependa kuulizwa na sijawahi. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu, lektini, inayotapisha na kuharisha vibaya. Mchemko mkali unaiua. Joto la wastani haliiui. Kikapu kinaanza kupoa mara tu unapofunika. Kwa hiyo loweka, mwaga maji, chemsha kwa nguvu dakika 30 kamili, na kwa mwinuko wetu usipunguze hata moja, ndipo ufunike na kuondoka kwenda kuchuma chai. Ukirudi, yarudishe motoni yachemke tena kabla ya kupakua.