MAGENDO YA WATU KATIKA NJIA ZA MIZIGO

Mwaka 1983, taifa lilipowasaka wahujumu uchumi, yaliyofukuliwa maghalani yalikuwa sukari na sabuni. Nani alidhani itafika siku lori lifunguliwe na shehena yake iwe ni binadamu, tena maiti?

Siku hiyo imekwisha fika. Juni 2012, huko Chitego, mkoani Dodoma, miili ya Waethiopia zaidi ya 40 waliokosa hewa ndani ya lori ilikutwa imetupwa porini. Machi 2020, huko Tete, Msumbiji, kontena lililotoka Malawi lilikutwa na maiti 64. Waliotoka hai ni 14. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Njia wanayopitishwa watu hao kuelekea kusini ndiyo njia ya mizigo yetu. Mlanguzi hupenda lori lenye shehena halali, kwa kuwa hati zake ni safi na turubai lake halishukiwi. Matokeo yake ni kwamba kila lori sasa latiliwa shaka. Lakiri hukatwa, mizigo hushushwa na kupakiwa tena, na nyanya haziwezi kungoja. Sisi wa visiwani, ambao vitunguu na viazi vyetu vingi hutoka Bara, hulipa gharama ya ucheleweshaji huo sokoni.

Reli nayo haisalimiki. Mwaka 2001 na 2002, treni za mizigo za kutoka Ufaransa kwenda Uingereza kwa njia ya handaki la chini ya bahari zilipunguzwa mno, kwa sababu ya watu waliokuwa wakizidandia usiku karibu na Calais. Katika barabara, Uingereza ilipandisha faini mwaka 2023 ikafika hadi paundi 10,000 kwa kila mtu aliyefichwa garini, na dereva na mwenye gari kila mmoja aweza kutozwa yake.

Hapa pana jambo tusilokubaliana nalo. Dereva aliyepokea fedha ni mhalifu, na ahukumiwe. Lakini yuko dereva aliyelala kando ya barabara, akaamka turubai limepasuliwa. Huyo akijua kuwa kutoa taarifa ni kujitia pingu, atanyamaza, na walio ndani watakufa. Tunawataka wakubwa wanaohusika watamke wazi kwamba dereva anayewahi kutoa taarifa mwenyewe ni shahidi, na kwamba anayetafutwa kwanza ni wakala aliyepokea nauli.