Je, Wajua? Kutoka Kibuyuni hadi Ubaoni

Je, wajua kwamba cheti cha ualimu wa msingi, P1, kilichowapa ajira wazazi na shangazi zetu wengi, kimefungiwa mlango? Tangu 2021 anayeingia chuo cha ualimu Kenya husomea diploma, miaka mitatu badala ya miwili. Mtihani ni wa Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC), na sharti la kuingilia ni alama ya C katika mtihani wa mwisho wa sekondari, KCSE.

Je, wajua kwamba kijana wa Kibuyuni, pwani ya kusini ya Kenya, halazimiki kuvuka kivuko cha Likoni kutafuta diploma hiyo? Akipanda matatu barabara ya Lunga Lunga, akapita Ramisi, Msambweni na Ukunda, akakata Kombani na kupanda mlima, atafika Kwale mjini. Chuo cha umma cha walimu kipo huko.

Je, wajua kwamba walimu wawili wa uwanja mmoja wanaweza kuwa na waajiri tofauti? Katiba ya 2010 iliipa kaunti chekechea. Wa darasa la kwanza ni wa Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC). Mzazi mwenye lalamiko aujue kwanza mlango wa kubisha.

Je, wajua kwamba mtaala unataka mtoto wa chekechea hadi gredi ya tatu afundishwe kwa lugha ya eneo lake? Kusini huku kuna Kidigo, Kivumba na Kichifundi. Hapa ndipo ninapoona thamani kubwa ya mwalimu aliyezaliwa hapa hapa. Mtoto anayeanza shule akiulizwa kwa lugha ya nyumbani hujibu. Akiulizwa kwa lugha ngeni huinamisha kichwa, na mwalimu mgeni humdhania mzito.

Je, wajua kwamba mwanachuo hapewi diploma bila kusimama mbele ya darasa la kweli? Kila kipindi kina andalio lake la somo, likitokana na azimio la kazi. Mtathmini huketi nyuma na daftari, akitazama hata vifuniko vya soda vilivyookotwa kufundishia kuhesabu. Kibuyuni, simbi za ufukweni zingefaa vivyo hivyo.

Je, wajua kwamba mwani huwa tayari kuvunwa kwa takriban wiki sita? Kina mama wa Kibuyuni hufunga mbegu kambani, wakingoja bamvua maji yakupwe waingie shambani. Wengi hulipa karo kwa fedha hizo. Lakini karo hudaiwa muhula unapofunguliwa, mwani ukiwa umekauka au la.

Je, wajua kwamba bila kitambulisho cha taifa Mkenya hasajiliwi na TSC? Wapemba wa pwani yetu, wenye asili ya kisiwa cha Pemba, walitambuliwa kuwa raia mwaka 2023 tu. Kabla ya hapo, binti wa Kipemba mwenye alama nzuri aliishia ukutani.

Je, wajua kwamba baada ya Azimio la Musoma la 1974 la elimu ya msingi kwa wote, Tanzania ilifunza maelfu ya walimu wakiwa vijijini mwao, kwa masomo ya posta na redio, huku wakifundisha?

Je, wajua kwamba chuo kikongwe zaidi cha umma cha jamii Marekani, Joliet, kilianza 1901? Vyuo hivyo, vilivyo karibu na wanafunzi kama cha Kwale kilivyo nasi, hutoa shahada ndogo (associate degree) ya miaka miwili, na mwenye kusomea ualimu huweza kuendelea chuo kikuu.

Wewe uliye Kibuyuni na C yako kabatini: toa nakala za cheti na kitambulisho, uulizie basari katika wadi yako kabla muda wa maombi haujafungwa.